Amplifaya ya bendi: nibadili valvu zote, baadhi, au niiache ilivyo?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mpiga solo wa bendi ya muziki wa dansi hapa Tanga. Tunapiga harusini, na mwisho wa wiki tuna baa yetu ya kudumu. Natumia amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani na kukuza sauti), Fender Hot Rod Deluxe ya mtumba, ambayo bendi iliinunua kwa kuchangishana. Nyuma imeandikwa volti 230, kwa hiyo tunaichomeka ukutani moja kwa moja. Ndani ina valvu kubwa mbili za 6L6 na ndogo tatu za 12AX7. Tangu ifike mikononi mwetu hazijaguswa, na aliyetuuzia hakusema kama aliwahi kuzibadili.

Tatizo ni hili. Kwanza, sauti inaanguka ghafla katikati ya wimbo, inabaki kama robo yake, halafu nikipiga kodi moja kwa nguvu inarudi yenyewe. Pili, nyuzi nene zimelegea. Zamani noti za chini zilikuwa zinakaza, sasa zinasambaa, hasa usiku ukumbi ukijaa na vyombo vyote vimewashwa. Tatu, inachachatika kama mafuta kwenye kikaango hata gitaa likiwa halijaguswa. Na taa za jukwaani zikizimwa naona mwanga wa buluu ndani ya zile valvu kubwa, jambo linalonitia hofu.

Fundi wetu ni mzee wa heshima, rafiki wa marehemu baba, aliyeanza kutengeneza redio za valvu tangu ujana wake. Nilimsimulia, akaniambia bila kuifungua: "Valvu zimechoka, badilisha zote tano." Nimeulizia bei, seti nzima pamoja na usafiri inakaribia laki nne na nusu. Kibubu cha bendi kina laki sita, na tulishakubaliana ni za mixa mpya. Mpiga besi anataka tuiuze kama ilivyo tununue ya transista. Mwimbaji anasema tusiiguse mpaka izime yenyewe. Shemeji yangu yuko Dubai, anarudi mwisho wa mwezi na amekubali kunibebea kwenye begi, kwa hiyo lazima niagize wiki ijayo.

Nikimbishia mzee nitaonekana sina adabu. Nikitumia fedha za wenzangu na ugonjwa ukabaki palepale, sitakuwa na uso wa kuwatazama. Nikikaa kimya, itanizimikia jukwaani. Nishauri.

Mpiga solo, Tanga


JIBU

Ndugu yangu mpiga solo,

Pole kwa kubebeshwa mzigo huu peke yako. Una amplifaya inayosumbua, una watu watatu wenye maoni matatu, na una fedha ambayo si yako pekee. Safari ya shemeji nayo inakusukuma uamue kabla hujajua unachoamua. Lakini tazama ulivyoandika: umetaja dalili tatu tofauti, kisha zote zimepewa sababu moja. Hapo ndipo ningependa tukae kwanza, kwa sababu kila dalili uliyoitaja inaweza kuwa na chanzo chake, na mojawapo inanishawishi kabisa kwamba haihusiani na valvu.

Hofu ya mwanga wa buluu iondoe leo. Buluu inayotanda kwenye kioo cha 6L6 ni kawaida, valvu mpya huwa nayo pia. Cha kuogopa ni bamba la kijivu lililo katikati kugeuka jekundu: ukiliona, zima papo hapo, usimalizie hata ubeti. Cha pili ni ukungu wa zambarau unaoelea katikati ya mabamba, dalili kwamba kuna gesi ndani. Cha tatu ni lile doa la fedha kwenye kioo kuwa jeupe kama maziwa, maana yake hewa imeingia na valvu imekufa. Kama hayo matatu huyaoni, valvu zako zinaweza kuwa zimechoka, ila si za hatari.

Sasa ile sauti inayoanguka na kurudi ukipiga kodi kwa nguvu. Kwenye paneli ya amplifaya hiyo kuna matundu mawili ya jeki: PREAMP OUT, inapotokea sauti ya sehemu ya mwanzo, na POWER AMP IN, inapoingia sehemu ya nguvu. Kama hujachomeka kitu, sauti yote ya gitaa lako inapita kwenye kibati chembamba ndani ya tundu la POWER AMP IN. Kibati hicho kikishika kutu au uchafu, na hewa ya chumvi ya Tanga haikisaidii, sauti hupita kwa taabu. Pigo kubwa huupenya ule utando wa kutu kwa muda, sauti ikarudi, kisha ikaanguka tena. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa amplifaya zenye matundu ya namna hii.

Kuupima hakugharimu kitu. Chukua waya mfupi wenye jeki pande zote mbili, chomeka kutoka PREAMP OUT hadi POWER AMP IN, piga nusu saa. Sauti isipoanguka tena, umempata mkosaji. Unaweza kuuacha waya humo maisha yake yote, amplifaya itafanya kazi vizuri tu. Au chomoa plagi ukutani, nyunyizia jeki dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ichomeke na kuichomoa mara ishirini hivi. Isiwe WD-40, ambayo wengi tunaikimbilia kwa kuwa iko kila duka la vipuri: inaacha utando wa mafuta na vumbi linanasa hapo. Pombe ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea inafaa. Sauti ikiendelea kuanguka hata na waya ule, basi tazama waya wa spika, kisha miguu ya valvu ndani ya soketi zake. Baada ya hapo ni kazi ya fundi, atafute lehemu zilizopasuka.

Kuchachatika kunahitaji subira kidogo, na una chombo kizuri cha kukusaidia: mixa yenu ya sasa, hata kama imechoka. Peleka waya kutoka PREAMP OUT hadi mixa, usikilize kwenye hedifoni. Kama kuchachatika kunasikika humo, kosa liko sehemu ya mwanzo, kwenye V1 au V2. V1 ni ile valvu ndogo iliyo karibu na tundu la gitaa, V2 inafuata, na V3 ndiyo ya mwisho kabla ya zile kubwa. Kama kwenye mixa ni shwari, fanya kinyume: chomeka gitaa kwenye POWER AMP IN, volyumu ya gitaa ukiwa umeifunga kabisa. Kwa kufanya hivyo umeikata sehemu ya mwanzo isisikike. Kinachochachatika sasa kiko V3, au valvu kubwa, au zile rezista mbili (vipuri vidogo vya kuzuia mkondo wa umeme) zinazoilisha V3, ya kilo-omu 82 na ya kilo-omu 100. Rezista hizo zina tabia ya kuchachatika zikizeeka, na kuzibadili ni gharama ndogo mno ukilinganisha na seti ya valvu. Nimezitaja makusudi: ukibadili valvu zote tano na chanzo kikawa ni rezista, mlio utakuwa uleule.

Ukishajua upande, valvu zenyewe zitakujibu, kwa sababu zote tatu ndogo ni za aina moja. Zima, chomoa plagi, subiri zipoe robo saa. Toa kifuniko cha bati kama kipo kwa kukisukuma na kukizungusha, kisha ivute valvu wima huku ukiitikisa kidogo sana; ukiilaza miguu tisa inapinda. Badilishana V1 na V3, washa, rudia kipimo kilekile; kisha fanya hivyo kwa V2. Mlio ukihama pamoja na valvu, valvu hiyo ndiyo mbovu. Mlio ukibaki palepale, valvu ndogo uliyoihamisha haina kosa. Unaweza pia kugongagonga kila moja kwa penseli ya mbao amplifaya ikiwa imewashwa. Mlio mdogo wa kugonga utausikia kwa zote, hasa V1, hilo lisikutishe. Mbovu ni ile inayolia kama kengele au inayochachatika inapoguswa.

Nyuzi nene kulegea ndiyo dalili ambayo mzee wetu huenda amepatia. 6L6 zikichoka hupoteza nguvu chini kwanza, noti inasambaa, na amplifaya ya wati 40 inaanza kupiga kama ya 25. Hata hivyo kuna maneno yako yaliyonisimamisha: "hasa usiku ukumbi ukijaa na vyombo vyote vimewashwa." Valvu zilizochoka huwa zimechoka hata mchana kwenye mazoezi. Kinachobadilika usiku ni umeme.

Nyuzi za moto ndani ya valvu zinataka volti 6.3, na zinavumilia kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 hivi, yaani kati ya 5.7 na 6.9. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 200, volti hiyo inashuka hadi 5.5. Ile kubwa ya kwenye mabamba, ambayo ni kama 420, inashuka hadi 365. Kwa hali hiyo hata valvu iliyotoka kwenye boksi leo italegea. Weka tester kwenye ekstensheni ileile unayochomeka amplifaya, usome saa nne usiku mkiwa katikati ya kazi, friji za baa zikiunguruma. Ukiona 225 au zaidi na noti bado zinasambaa, umeme hauna lawama. Ukiona 195, laki nne na nusu zenu zina kazi nyingine: stabilaiza ya VA 500 kwa ajili ya amplifaya hiyo peke yake, au waya mnene zaidi kutoka kwenye mita ya baa.

Umeme ukiwa mzima, wanabaki washukiwa wawili: zile 6L6, na kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo zikizeeka huvimba kichwa na kuongeza mngurumo mzito. Kapasita fundi atazipima. Kwa 6L6 hakuna kipimo cha mtaani kinachoshinda kuweka jozi nzima iliyo bora na kusikiliza.

Ukishapata majibu hayo, njia zitakuwa zaidi ya zile ulizoziona. Unaweza kununua 12AX7 moja tu pamoja na dawa ya kusafishia. Ni njia ya bei ndogo na unabaki na valvu ya akiba kwenye mfuko wa gitaa, kitu ambacho kila mwenye amplifaya ya namna hii anapaswa kuwa nacho. Hatari yake ni kwamba 6L6 zikiwa kweli zimefika mwisho, hujalitibu hilo. Unaweza kununua jozi ya 6L6 (toleo la GC) na hiyo 12AX7 moja, ukaziacha ndogo nyingine zilipo. Valvu ndogo hudumu muda mrefu kuliko kubwa, na kuitoa inayofanya kazi vizuri kwa sababu tu mwenzake amekufa ni kutupa fedha. Au unabadili zote tano kama mzee alivyosema. Faida yake ni utulivu wa moyo, unaanza upya na seti ya zamani inakuwa akiba. Hasara ni bei, na kwamba ukibadili vitu vitano kwa mkupuo, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Njia yoyote yenye 6L6 mpya ina gharama ambayo hukuitaja: bayasi, yaani kuweka sawa mkondo wa valvu hizo. Valvu kubwa hazichomekwi na kuachwa kama balbu. Lazima fundi apime mkondo unaopita zikiwa zimetulia bila gitaa kupigwa. Kwenye Hot Rod Deluxe kuna nukta ya kupimia iitwayo TP30, juu ya rezista ya omu 1, na kipimo cha kiwandani ni milivolti 60. Maana yake ni miliampea 60 kwa valvu zote mbili, 30 kila moja. Mafundi wengine huisogeza hadi karibu 70, sauti ikawa nene kidogo. Jozi mpya ikiwekwa bila kupimwa, ikatokea kila moja inavuta miliampea 60, kwa volti 420 hiyo ni zaidi ya wati 25 kila valvu inapumzika tu. Kikomo chake ni wati 30, na fundi mwangalifu havuki asilimia 70 ya hapo, yaani 21. Valvu hiyo itaungua mapema na inaweza kuondoka na vitu vingine. Ikivuta kidogo mno, sauti inakuwa kavu na nyembamba.

Kazi ya bayasi usiifanye mwenyewe, ndugu yangu. Kapasita zinashikilia volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa mkononi mwako. Na usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti ndiyo itakayolipa. Fyuzi ikikatika, weka ya kiwango kilichoandikwa nyuma. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ikizibishwa pengo la fyuzi inaweza kuunguza transfoma.

Hapa tunarudi kwa mzee. Unaona kama una mawili tu, kumtii au kumbishia. Lakini yeye alijibu alichosimuliwa. Hakuiona amplifaya, na daktari akisimuliwa ugonjwa kwa simu hujibu hivyohivyo. Ukimpelekea majibu ya vipimo, humpingi, unampa cha kufanyia kazi. "Shikamoo mzee. Nimejaribu waya huu sauti imeacha kuanguka, na usiku umeme ulikuwa 198. Naomba tuifungue pamoja utazame rezista za V3 na bayasi, na muda wako nitaulipia." Fundi aliyelelewa kwenye redio za valvu ndiye mtu unayemhitaji kwa kazi hiyo, na si rahisi kumpata mwingine. Muulize pia kwa upole kama yuko tayari kuweka bayasi kwenye amplifaya hii. Redio nyingi za zamani hazikuhitaji kurekebishwa hivyo, na ni vizuri mkubaliane kabla jozi haijafika.

Mpiga besi naye msikilizeni. Amplifaya ya transista haina valvu za kuagiza Dubai, haiyumbishwi sana na umeme, na nyingine ni nyepesi kuliko hii ya kilo ishirini mnayoipandisha na kuishusha kila mwisho wa wiki. Kwa solo safi ya dansi, isiyotaka kukwaruza, tofauti ya sauti ni ndogo kuliko inavyokuwa kwa wapiga roki. Ila mkiuza kifaa kinachochachatika na kuanguka sauti, mtapewa bei ya chuma chakavu, na huenda ugonjwa ni waya mfupi na rezista mbili. Mkitaka kuuza, uzeni ikiwa nzima. Kuhusu ushauri wa mwimbaji, kungoja si kosa endapo kuna amplifaya ya pili pembeni au njia ya kuingiza gitaa kwenye mixa. Bila hivyo, mnaweka rehani harusi ya mtu.

Fedha ni ya kibubu, kwa hiyo peleka vipimo kwenye kikao, wenzako wachague wakijua. Huenda wakaona mixa isubiri, huenda wakaona isisubiri, na wote watakuwa na hoja.

Kama mtaagiza, mwandikie shemeji hivi: "6L6GC, jozi iliyolinganishwa" (yaani mbili zinazovuta mkondo sawa) na "12AX7, jina lingine ECC83". Valvu ndogo hazihitaji kulinganishwa, msilipie hilo. Kuhusu majina ya valvu, JJ hutengenezwa Slovakia. Sovtek, Electro-Harmonix na Tung-Sol za siku hizi hutoka kiwanda kimoja cha Saratov, Urusi, kwa hiyo asizunguke mji mzima akitafuta jina moja akiwa amekutana na jingine. Akiuziwa 5751 badala ya 12AX7 itaingia na kufanya kazi, inakuza sauti mara 70 badala ya 100, na baadhi ya wapiga solo safi huipenda kwenye V1. Lakini hiyo ni ladha, haitibu ugonjwa. Azibebe kwenye begi la mkononi ndani ya maboksi yake, na risiti isitupwe. Valvu mpya yenye kasoro kwa kawaida hujionyesha katika saa za mwanzo za kazi, kwa hiyo iwasheni kwenye mazoezi jioni mbili tatu kabla ya kwenda nayo harusini, na zile za zamani zifungeni kwenye maboksi hayohayo mkiziandika zilitoka nafasi ipi.

Mshauri